Mashine Mbili, Mabaki Mawili

9 Januari

Mdogo wangu,

Huku hatujambo, ukiacha kikohozi kinachozunguka nyumba nzima. Shemeji yako yuko na gereji yake, grisi haimtoki mikononi hata siku ya mapumziko. Mpwa wako mkubwa kaanza sekondari na tayari anaona mimi na baba yake hatujui kitu. Shangazi alisema anakuja wiki moja, akakaa mwezi, kaondoka jana na nyumba imepumua. Duka la miwani linakwenda. Nimenunua jiwe jipya la kusagia lenzi, sasa sirudi tena nyumbani na vumbi la kioo kwenye kope. Na wewe je, unakula? Barua yako ya mwisho ilikuwa fupi kama risiti.

Sasa Baba. Moyo umechoka. Miguu imevimba, viatu havimwingii, na zile ngazi za kibarazani anazipanda kwa kusimama apumue. Daktari hakuzunguka, alituambia mwaka huu tuuchukue kama nyongeza. Baba naye alikuwa anasikia, akamuuliza kama mwaka unaanza Januari au siku ya kupimwa. Daktari wa watu hakujua acheke au anyamaze.

Anachouliza kila siku ni namba yake. Kabla hata ya chai: "Pacha wa Profesa kafika wapi?" Profesa bado ni wewe. Juzi shemeji yako akaniuliza kwa siri kama kweli ulizaliwa na pacha, ikabidi nimweleze baada ya miaka yote hii. Kwamba Mama alipokuwa na mimba yako, Baba alichagua namba moja tasa ya tarakimu sita, akaamini kwamba ukichukua mbili ukaizidisha kwa yenyewe mara nyingi kiasi hicho, halafu ukatoa moja, litatoka dude ambalo halitagawanyika kwa kitu chochote, ila kwa moja na kwa lenyewe. Na kwamba dude hilo likiandikwa lote linajaza kitabu kizima. Shemeji akauliza, "Na likishajulikana, linafaa nini?" Nikamwambia asithubutu kumuuliza Baba, Mwalimu Mabaki mwenyewe, swali hilo, atasimamishwa kona kama mtoto wa darasa la pili.

Mwaka jana ulituandikia kwamba kompyuta ya hiyo kampuni yenu ya bima inaifanyia kazi namba hiyo siku za mwisho wa wiki, wakati haina mtumiaji. Tangu hapo kimya. Baba kamtangazia kila mtu. Bwana Mvua, yule mwanafunzi wake wa zamani wa kituo cha hali ya hewa, anakuja kila Jumapili kumnyoa ndevu, na sifa zako keshazisikia mpaka anaweza kuzisema mwenyewe huku wembe uko mkononi.

Nakuomba vitu viwili, jibu na wewe mwenyewe. Kama huwezi kuleta vyote, njoo bila jibu.

Dada yako


6 Februari

Dada yangu,

Barua imenifikia baada ya kuzunguka, nimecheka na nimehuzunika kwa pamoja. Mpe pole shemeji kwa grisi, na mpwa wangu mwambie hajakosea, kweli hamjui kitu. Mimi ni mzima. Nje watu wanatoka jasho, mimi kwenye chumba cha mashine navaa sweta, maana kompyuta hizi zinabembelezwa kuliko binadamu. Nakula, usiwe na wasiwasi.

Mwambie Baba mashine inakwenda. Njia anaijua kuliko mimi, lakini kwa faida yako: unaanza na nne. Unaizidisha kwa yenyewe, unatoa mbili, unagawa kwa lile dude, unachukua mabaki. Hayo mabaki nayo unayazidisha kwa yenyewe, unatoa mbili, unagawa, unachukua mabaki. Unakwenda hivyo mamia ya maelfu ya hatua. Mwisho wa yote mabaki yakiwa sifuri, namba ni tasa. Yakiwa kitu kingine chochote, si tasa, kwisha habari. Huwezi kuruka hatua wala kuchungulia mwisho. Na tarakimu moja ikikosewa katikati, kila kinachofuata kimeoza. Ndiyo maana haraka haifai hapa.

Kuhusu kuja, nitakuja. Ni suala la likizo, na hapa likizo unaiomba kama unaomba figo ya mtu.

Jambo dogo: kuanzia sasa niandikie kwa sanduku la posta nililoandika juu ya bahasha. Barua za wafanyakazi siku hizi zinapotea pale mapokezi.

Msalimie Baba. Mwambie asiwe na pupa.

Mdogo wako


25 Februari

Mdogo wangu,

Nimemsomea Baba barua yako. Ile sehemu ya mabaki alifumba macho kama mtu anayesikiliza taarabu, akaniambia niirudie. Kisha akamwita mpwa wako, wakasogeza kiti mpaka kwenye ule ubao wa sebuleni, wakafanya ya thelathini na moja: nne, kumi na nne, nane, sifuri. Binti akapiga makofi. Halafu mzee akampa elfu mbili arobaini na saba, ambayo nayo inatokana na mbili kuzidishwa namna hiyohiyo, akamwacha ajigambe kwamba ni tasa, ndipo akamwandikia ishirini na tatu mara themanini na tisa. Binti alinuna siku nzima. Baba alikula chakula chote usiku huo.

Jana kaanguka bafuni. Hakuvunjika, lakini tulipomnyanyua alikuwa mwepesi, mdogo wangu, mwepesi wa kutisha. Alichosema ni "Profesa asiambiwe." Nakuambia.

"Nitakuja," umeandika. Nimeitafuta tarehe ndani ya neno hilo, sijaiona. Acha chenga. Mimi si meneja wako.

Dada yako


30 Machi

Dada,

Natumaini mko salama na anguko la Baba halikuacha maumivu. Nimetuma soksi pana kwa ajili ya miguu yake, zitafika nyuma ya barua hii. Hapa hakuna jipya, mwenye nyumba kabadilisha kitasa na sasa sote tunaingilia uani.

Kazi imekwisha. Namba ya Baba si tasa.

Mabaki ya mwisho si sifuri. Ni marefu kama dude lenyewe, siwezi kuyaandika yote, ila yanaishia na 40716. Najua atakachouliza: inagawanyika kwa namba gani? Mweleze taratibu kwamba njia hii haisemi. Inakuhakikishia namba ina vigawo, lakini haikuonyeshi hata kimoja, na huenda hakuna atakayewahi kuvijua. Ndivyo zilivyo hizi namba kubwa. Unajua kwamba imevunjika, hujui imevunjikia wapi.

Mwambie polepole. Mwambie nimesikitika.

Mdogo wako


19 Aprili

Mdogo wangu,

Soksi zimefika, zinamtosha, kavaa ya kijani mguu mmoja na ya kahawia mwingine kwa sababu anasema hataki kupendelea. Shangazi karudi. Mpwa wako kawa wa tatu darasani, na Baba kamuuliza wale wawili wa mbele wana nini.

Nilingoja ashibe ndipo nikamsomea. Niliogopa, nilikaa karibu na kiti chake nikiwa na dawa mfukoni. Akauliza kama nilivyojua angeuliza: "Inagawanyika kwa namba gani?" Nikamwambia ulivyoniambia. Akatazama ubao kwa muda. Halafu akasema, "Na mabaki kayatoa?" Nikamwambia, 40716. Akaniambia niandike ubaoni, kubwa, juu kabisa.

Nilidhani atalia kwa ajili ya namba. Alilia, lakini sikiliza alivyosema. Alisema, "Miaka yote nimejaribu vigawo kimoja kimoja, mchana mzima kwa kimoja, na sikuvuka hata kizingiti. Mtoto wangu kaenda mpaka mwisho. Hakuruka hatua hata moja." Tangu siku ile kila anayeingia anaonyeshwa ubao. Muuza maziwa kaonyeshwa. Daktari kaonyeshwa. Mtu mzima anasema "hii ni kazi ya mwanangu" na pumzi hana.

Mimi nilidhani anaipenda namba. Kumbe miaka yote hii ni wewe.

Kilichobaki ni desturi yake, unaijua: jibu halijawa jibu mpaka mashine mbili zitoe mabaki yanayofanana. Bwana Mvua kajitolea. Kamwomba mkurugenzi wake ruhusa kwa maandishi, kapewa, na mashine ya kituo imeanza kuifanya namba kila wanapomaliza utabiri wa siku. Anasema katikati ya mwaka itakuwa tayari. Baba anasema atakaa mpaka siku hiyo, hata kama ni kwa kushikilia mlango.

Njoo basi, uwepo siku hiyo. Kwa raha hii hata ukija mikono mitupu utapokelewa kama bwana harusi.

Dada yako


8 Mei

Dada,

Salamu kwa wote. Naandika mbiombio.

Mwambieni Bwana Mvua asijisumbue. Mashine hutofautiana, ya kwao ni ya zamani, atapoteza muda wa umma bure na kumchanganya mzee. Jibu limeshapatikana. Mwache Baba apumzike.

Kwa nini mlianza bila kuniuliza?

Mdogo wako


27 Mei

Mdogo wangu,

Leo salamu utanisamehe.

Jumatatu Baba alizidiwa. Midomo ilikuwa ya bluu. Nilimwacha na shangazi nikakimbilia posta, nikapanga foleni ya simu za mbali na aproni ya kazi bado kiunoni, nikapiga kwenye ofisi yenu kwa ile namba uliyotupa zamani. Akapokea mwanamke mwenye sauti nzuri. Nikamwambia mimi ni dada yako, baba yetu ni mgonjwa, naomba uitwe. Akasema, "Dada, huyo aliondoka Novemba." Nikamwambia labda wako wawili wenye jina hilo. Akanielezea ulivyo, mpaka kovu la kidevuni.

Nikalipa simu nikatoka. Sikumbuki nilivyorudi nyumbani.

Baba kapata nafuu kidogo, anakaa na mito mitatu mgongoni, uso kauelekeza ubaoni. Nami nakuuliza hapa ambapo hakuna anayetusikia: kama uliondoka Novemba, ni mashine gani iliyofanya kazi Machi? Ile sweta ulikuwa unaivalia wapi?

Mashine ya Bwana Mvua inaendelea. Nijibu kabla haijamaliza.

Dada


15 Juni

Dada,

Umenifuata mpaka mapokezi. Haya.

Nilifukuzwa. Meneja alipitia ofisini Jumamosi kuchukua mwavuli wake akaikuta kompyuta inahangaika. Akaniuliza inafanya nini. Nikamweleza. Akaniuliza kampuni inafaidika nini, swali lilelile la shemeji. Akaizima kwa kidole chake mwenyewe. Kazi ya miezi, dada, ikapotea kama pumzi, na mimi nikasindikizwa mpaka getini. Sasa napanga maboksi kwenye ghala la viatu. Namba ya Baba ndiyo iliyoila kazi yangu, kama unataka kumwonyesha mtu kitu ubaoni, mwonyeshe hicho.

Na jibu sikulitoa hewani. Namba za aina hii karibu zote si tasa. Chagua yoyote ya ukubwa ule, sema si tasa, na utakuwa umepatia. Nilitoa jibu ambalo lingetoka. Nilichotunga ni zile tarakimu tano tu, kwa sababu bila mabaki asingenikubali. Lini amewahi kunikubali? Nikipata tisini na nane, anauliza mbili ziko wapi. Nimelelewa na pacha asiyekosea. Wewe ulikuwa unaruhusiwa kupata sitini na kupewa maandazi.

Unasema alilia kwa furaha. Sasa hata hiyo furaha si yangu, ni ya mtu ambaye hayupo. Unadhani sijui?

Nauli sina, na ningekuwa nayo nisingekuja kukaa mbele yake kwa mikono ya ghala aniulize hatua kwa hatua. Usimwambie. Mvua akileta tarakimu tofauti, sema mashine yao ni mbovu. Vifaa vya ofisi zile vinajulikana, mtu hatashangaa. Nakuomba. Hili tu.

Mdogo wako


2 Agosti

Mdogo wangu,

Simu ya maandishi uliipata, kwa hiyo hilo silirudii. Shangazi yuko hapa, shemeji yako kafunga gereji wiki nzima, watoto wako salama. Nimechelewa kuandika kwa sababu kila nilipoanza nilikuwa nakutukana, na nilitaka kwanza ujue mambo yalivyokwenda.

Barua yako ilifika Ijumaa. Jumapili Bwana Mvua akaja na karatasi. Alikuwa amevaa koti, mdogo wangu, koti la sherehe, na nywele zake za mvi kazichana. Sebule ilikuwa imejaa: Baba alikuwa amewaita majirani, daktari, mpaka muuza maziwa. Akamwambia, "Soma, kijana." Bwana Mvua akasoma. Namba si tasa. Ulipatia. Kisha akasoma mwisho wa mabaki, na tarakimu hazikuwa zile za ubaoni hata moja.

Baba akamwambia asome tena. Akasoma tena, safari hii sauti ikiwa chini, akitazama ubao. Kisha akanitazama mimi. Barua yako ilikuwa mfukoni mwangu. Nikashika sinia la vikombe nikaanza kuvipanga vilivyokwisha kupangwa.

Baba akasema, "Mashine inayosema mvua itanyesha na tunaanika nguo mpaka jioni, ndiyo itajua mabaki?" Watu wakacheka. Hakuishia hapo. Alimwambia tangu darasa la tano alikuwa mtu wa kunakili, kwamba leo kakosa wa kumnakili ndiyo maana kaumbuka, kwamba mwanawe alikwenda mpaka mwisho bila kuruka hatua na asingekubali kazi ile ichafuliwe na mzembe. Yote haya kwa pumzi ile iliyobaki. Mtu aliyemnyoa kila Jumapili kwa miaka. Bwana Mvua alisimama na koti lake akasikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Huenda kosa liko kwetu, Mwalimu. Nitakagua." Baba akamjibu, "Kakague. Na usikanyage hapa mpaka ulijue."

Nami nilinyamaza. Ulinisihi, nikanyamaza, na sitakusingizia: nilinyamaza pia kwa sababu niliona uso wa Baba ulivyokuwa unang'aa akikupigania. Sijawahi kupiganiwa hivyo mimi niliyemwogesha.

Jumapili iliyofuata hakuja mtu kumnyoa. Baba aliuliza saa nne, akauliza saa sita. Nikajaribu mimi, nikamkata shavuni. Wiki ile hakutoka tena kitandani. Alikutaja, ndiyo, kama unataka kujua. Alisema wewe una kazi nyingi usisumbuliwe. Kisha akauliza kama Mvua kashalipata kosa. Nikamwambia bado. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu ya mwisho yenye maana.

Bwana Mvua alikuja mazishini. Alibeba, alichimba, alisimama nyuma kabisa ambako asingeonekana. Watu walipotawanyika akanisogelea, nikadhani anakuja kuniambia kwamba anajua, na Mungu ananiona, nilitamani aseme. Akaniuliza kwa heshima zote ndugu yangu alitumia mashine ya aina gani. Alisema amekagua programu mstari kwa mstari, amejaribu kwa namba ndogo na zote zinatoka sawa, kosa halioni, na hawezi kulala akijua Mwalimu kaondoka na hasira naye.

Nikamwambia nitakuuliza.

Kwa hiyo usiniandikie mimi. Usinitumie rambirambi wala soksi wala habari za mwenye nyumba. Mwandikie yeye, kwa mkono wako mwenyewe, kituo cha hali ya hewa, barua zao hazipotei mapokezi. Na uandike haraka. Kaomba ruhusa upya kwa mkurugenzi wake, na Jumatatu anaianza namba tena kutoka nne.

Dada